Kishimo

Kila alfajiri, kabla birika halijachemka,
namsimamisha mama juu ya mizani ya hospitali.
Anavua bangili kwanza, zote sita,
kama anayekwenda kupimwa dhahabu.
Sabini na mbili nukta nne.
Naandika kwenye daftari la utafiti.
Jina lake halimo humo. Yeye ni namba arobaini na moja.
"Siku za mwizi ni arobaini," anasema,
"basi huyu mwizi maji, kwangu atashikwa."

Moyo umechoka, walituambia Khoudh.
Unapiga, lakini hausukumi,
na maji yanarudi kukaa vifundoni, tumboni,
usiku yanapanda mapafuni,
mama analala kitako na mito minne
kama abiria asiyeitwa.

Yeye alielewa kwa njia yake.
Huku Ibra babu alikuwa na fungu la falaji,
nusu saa kila siku ya nane.
Siku moja alipitiwa na usingizi, hakuziba mfereji,
asubuhi majani ya mbuzi yanaelea.
"Basi moyo wangu umelala zamu," akasema,
akaomba kalamu.

Lakini karatasi zilikuwa kurasa kumi na moja,
Kiarabu cha ofisini, si cha msahafu.
Sista Muzna, ambaye bibi yake alitoka Wete,
akavuta kiti, akazigeuza kwa Kiswahili moja moja:
Vidonge vyako hatuvigusi.
Tunaongeza kibandiko cha tumbo,
kinapenyeza dawa chini ya ngozi saa tano, polepole.
Wengine chao kina dawa. Wengine chao kina maji ya chumvi tu.
Kompyuta ndiyo inayopiga kura.
Mimi sijui kipi ni kipi, daktari hajui, nawe hutajua.
"Na Mungu?"
"Mungu hana haja ya kusaini, Bi Raya."
Mama akacheka mpaka akakohoa, akasaini.

Kaka yangu Harub anahesabu mapipa ya mafuta kule Fahud.
Alikuja likizo, nikampa zamu ya jagi.
Nilimkuta mlangoni mwa choo, amelishika kwa mikono miwili,
mililita mia saba na hamsini za mkojo wa mama,
na mistari ya jagi inamchezacheza machoni.
"Soma kwa chini ya mstari," nikamwambia.
"Najua kusoma," akasema, akafuta uso kwa bega.

Siku ya tisa mizani ilipanda kilo na gramu mia tatu.
Nikatafuta jikoni. Nikatafuta chini ya kitanda.
Kabatini, nyuma ya mashuka ya Idi,
chupa ya achari ya ndimu, imebaki nusu.
Nilishika kalamu, sikuandika.
Wangemtoa? Wangemgombeza mbele ya wanafunzi?
"Andika kilo," mama akasema kutoka kitandani.
"Andika na ndimu.
Kuna mwanamke huko Salala, simjui,
miguu yake kama hii. Atameza watakachokipata kwangu.
Usimdanganye."
Kisha, kwa sauti ndogo:
"Hiyo chupa usiitupe. Mpe jirani."

Hawakumtoa. Waliandika ndimu, kwa wino mwekundu.

Bahasha zitafunguliwa baada ya mwaka,
wakishatimia wagonjwa mia mbili.
Leo sabini nukta moja.
Namkalisha, nabonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba,
naachia, nasoma.
Mwezi uliopita kishimo kilibaki wazi
hata nikamaliza Alhamdu na amin yake.
Leo kimejaa kabla sijafika katikati.
Ni dawa? Ni ndimu iliyokwenda kwa jirani?
Au maji ya chumvi, na mama ameamua tu?

"Umefika wapi?" ananiuliza.
Nikamwambia: sijui, mama.
"Vizuri. Na daktari hajui,"
akanyoosha mkono nimrudishie bangili,
akazihesabu.